Swali Nililoulizwa Mbele ya Baba Mkwe

Nitaanza na majina. Watu wengi wakisimulia ugonjwa huu wanasimulia kana kwamba ulidondoka tu kutoka mawinguni na hakuna mtu alifanya kitu. Wangu sijui ulitoka wapi, lakini kuchelewa kwangu najua vizuri kulitoka wapi. Kulitoka kwa Wandera, mume wangu. Kulitoka kwa Mama Sheila, jirani yetu. Kulitoka kwa mtu mmoja aliyevaa koti jeupe na kujiita daktari. Na kulitoka kwa Mzee Ouma, baba mkwe wangu, ambaye kosa lake lilikuwa kuketi kwenye kiti. Mimi pia niko kwenye orodha hiyo. Nitafika kwangu.

Naitwa Nabwire. Kwetu ni Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Busia, na shule niliachia darasa la sita. Nilikuja Makongeni, hapa Nairobi, nikiwa na miaka ishirini, nimeolewa na Wandera, ambaye ni wa upande wa Kenya na alikuwa karani wa stoo kwenye reli. Sasa nimepita hamsini. Nyumba yetu ni chumba kimoja na jiko, na mlango unaotazama ua. Binti yangu Brenda ndiye mkubwa, anaishi mtaa wa Tena na anashona sare za shule. Kaka zake wawili walirudi nyumbani, wanalima.

Kazi yangu ilikuwa viazi karai. Nilikaangia getini miaka mingi. Mafuta nilikuwa nayarudia mpaka yanakuwa rangi ya chai ya rangi, siwezi kukataa, na kila mtu wa viazi karai anajua ninachosema. Jumamosi nilikuwa nashuka Soko la Burma kununua vipande vya nyama vyenye mafuta. Chakula changu mwenyewe kilikuwa viazi vilivyobaki na soda, nikiwa nimesimama. Huo ndio ulikuwa ulaji wangu. Naueleza sasa kwa sababu nilipoulizwa siku ya kwanza sikuueleza.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya kukaa na leso mbili begani. Mama Sheila alipita akatuambia kuna watu wa utafiti watakuja. Yeye ni mhudumu wa afya wa mtaa, anajua kila mlango. Alisema wanatafuta kina mama waliozaliwa nje ya Kenya na kuja kukaa Nairobi, wale wa Uganda, Tanzania, Kongo na kwingineko, waulizwe walikuwa wanakula nini kwao, wanakula nini sasa, wanatembea kiasi gani, na mambo ya kansa. Mimi kwanza niliogopa, nikadhani ni watu wa kuuliza vipande, yaani vitambulisho. Mama Sheila akacheka, akasema hawana haja na kipande changu. Halafu akaongeza kwamba mama akisema ana tatizo lolote mwilini wanamwandikia barua anaenda kuchunguzwa bure.

Hapo sikio langu likasimama. Kwa sababu nilikuwa na kitu. Nilikigundua nikioga, titi la kushoto, upande wa kwapa, kidogo na kigumu kama punje ya njugu mawe. Hakikuuma. Kilikuwa na wiki kadhaa na sikuwa nimemwambia mtu. Nikajiambia, sawa, huyu wa utafiti ni mgeni, hanijui, ataniuliza nitamwambia, atanipa barua, nitaenda kimya kimya. Usiku huo nililala vizuri.

Shida ni kwamba mwezi huo Mzee Ouma alikuwa Nairobi. Alikuja kuondolewa mtoto wa jicho na siku zilikuwa zinasogezwa. Kwetu baba mkwe hawezi kulala kwa nyumba ya mtoto wake, kwa hivyo alikuwa analala kwa mpwa wake nyumba ya nyuma, na asubuhi analetwa kwetu kuketi. Kiti chake kilikuwa karibu na mlango, mwanga uko hapo, redio iko hapo. Mtu ambaye si wa kwetu lazima nimwambie vile sisi tunakaa na baba mkwe. Simpi mkono. Sipiti karibu naye nikamgusa. Sili mbele yake. Nguo zangu za ndani nilikuwa nazianika jikoni juu ya kamba, chini ya leso, zikae na moshi wa karai badala ya kuonekana naye, na hayo macho yenyewe hayakuwa yanaona. Miaka thelathini nimekuwa kwa nyumba yao, na maneno ambayo nimewahi kusema mbele ya yule mzee unaweza kuyaandika kwenye kifuniko cha kiberiti. Baba umeamkaje. Baba chai hii. Baba maji ya kunawa.

Msichana wa utafiti aliitwa Faith. Mdogo, mpole, viatu vimejaa matope. Aliingia na Mama Sheila, akasalimia, akaona watu, akauliza kama kuna mahali mimi na yeye tunaweza kukaa peke yetu. Alifanya vile anapaswa kufanya, hiyo nampa. Wandera ndiye alijibu. Alisema hapa hakuna siri, sisi ni familia, uliza tu. Alisema kwa kiburi kabisa, kama mtu anayekaribisha mgeni vizuri. Faith akanitazama. Mimi nikatazama sufuria. Akaketi, akafungua karatasi zake.

Swali la kwanza la chakula lilikuwa jana nilikula nini. Nikamwona Mzee Ouma amepunguza redio. Nikafikiria viazi na soda. Nikafikiria vile mwanamke aliyetoka Uganda anajulikana kwa mkono wake wa kupika, na vile huyu mzee alitoa ng'ombe kwa ajili yangu. Nikasema nilipika ugali wa wimbi, yaani ulezi, na muhogo, na samaki wa kukaushwa katika mchuzi wa simsim.

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Unaona," akamwambia Faith. "Huyu hakuacha mapishi ya kwao huko."

Baada ya sifa hiyo ningerudi nyuma namna gani? Faith akauliza mafuta ya kupikia narudia mara ngapi, nikasema sirudii. Mama Sheila, ambaye alikuwa anakula viazi vyangu kila siku ya Mungu, akakohoa. Akauliza nyama ya mafuta, nikasema sikukuu. Soda, nikasema ya nini. Nikawa natoa majibu mazuri moja baada ya jingine, na Wandera anakubali kwa kichwa, na mimi kwa ndani nasubiri lile swali moja. Nilikuwa nimeliandalia jibu.

Lilipokuja, Faith alishusha sauti, lakini chumba ni kile kile. Akauliza kama nimewahi kuhisi uvimbe au mabadiliko yoyote kwenye titi.

Mtu wa kwingine hawezi kuelewa. Neno lenyewe tu, limesemwa na mtoto wa mtu, mbele ya yule mzee, lilinifanya nitamani sakafu ifunguke. Mzee hakusogea. Angeweza kutoka, lakini kutoka kungeonyesha kwamba amesikia, na kwa adabu zetu alikuwa hajasikia. Mimi ningemwambia Faith ngoja kidogo, lakini kusema ngoja ni kusema kuna kitu. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Hakuna."

Faith aliniangalia sekunde mbili hivi. Halafu akapiga alama kwa kalamu. Mama Sheila akasema, "Huyu ni mzima kabisa, anainua karai peke yake." Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Nilimsindikiza mpaka getini. Pale nje ningesema. Lakini Mama Sheila alikuwa ameshika mkono wake kama bibi harusi, na Mama Sheila ndiye yule aliyetangaza mimba ya jirani yetu iliyoharibika kabla mwenyewe hajatoka hospitali. Nikasema kwaherini. Nikarudi kuosha vikombe.

Kutoka hapo hesabu miezi.

Vuli iliponyesha kile kitu kilikuwa kama ndimu ndogo. Desemba nilienda kliniki moja ya vyumba viwili, sitaitaja, ilishafungwa. Mtu wa koti jeupe aliminya mara mbili akasema ni maziwa yameganda. Mtoto wangu wa mwisho anafuga ndevu. Maziwa ya nani? Lakini sikumuuliza. Nilipokea vidonge vyake nikatoka nikiwa na furaha, nikanunua mkate njiani. Namlaumu mpaka leo, lakini na mimi nilienda kwake kwa sababu nilijua ataniambia kitu chepesi.

Januari ngozi ikaanza kuvutwa ndani, ikawa na vishimo kama ganda la chungwa. Nikamwonyesha Wandera. Hakugusa. Alisema tungoje Mzee amalize mambo ya jicho arudi nyumbani, nyumba haiwezi kuwa na wagonjwa wawili. Alisema pia amesikia wakikukata ndio inasambaa. Alisikia wapi? Kwa watu wa mchezo wa draft, pale wanaposukuma vifuniko vya soda chini ya mti wa reli. Hao ndio walikuwa madaktari wangu.

Halafu Wandera akamwambia Mama Sheila. Mimi nilikuwa nimemfichia yule mwanamke miezi sita, yeye akampelekea habari kwa mkono wake mwenyewe, ati amshauri. Na kwa sababu yeye ni mhudumu wa afya, ungefikiri angenishika mkono anipeleke hospitali. Badala yake alileta kina mama wa maombi. Walikuja na mafuta ya upako, wakafunga pamoja na mimi siku saba, zikawa ishirini na moja. Sisemi maombi ni mabaya, mimi mwenyewe naomba. Nasema yeye alikuwa na karatasi za rufaa kwenye mkoba wake uleule uliokuwa na mafuta.

Brenda alikuja Pasaka, mvua ya masika imeshika. Nilikuwa nakoroga karai kwa mkono wa kulia na wa kushoto nimeubana kama kuku aliyevunjika bawa. Aliniangalia, akafunga mlango wa jikoni, akaniambia nifungue blauzi.

"Mathe, hii umekaa nayo tangu lini?"

Nikamwambia tangu kabla ya yule msichana wa maswali.

"Na alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Babu yako alikuwa hapo."

Akaketi juu ya gunia la viazi. Hakulia na hakunikaripia. Aliinuka akazima moto chini ya karai, mafuta yakiwa bado na viazi ndani, na tangu siku hiyo karai hiyo haijawashwa tena.

Hospitali kubwa nilikuwa nimepita nje yake mara nyingi, sikujua ndani yake kuna mji mzima. Kuna benchi ya kungoja faili, kuna benchi ya kungoja daktari, kuna benchi ya kungoja majibu, na kila benchi ina watu wake na utani wake. Unakuja alfajiri, unapewa namba kwenye kipande cha katoni, na hicho kipande unakishika kuliko unavyoshika mkoba. Walinitoa nyama kidogo kwa sindano nene, wakaniambia nirudi. Nikarudi, mashine imeharibika. Nikarudi, majibu hayajashuka. Mara ya tatu yalikuwa yameshuka.

Wandera alikuwa na mimi siku hiyo. Daktari alikuwa mwanamke, wa umri wangu, sauti ya mtu aliyechoka. Alisema ni kansa. Alisema kama ningekuja mapema, kingekuwa kidogo, pengine wangetoa uvimbe peke yake, lakini sasa titi lote lazima liondolewe, na baada ya hapo dawa, na baada ya dawa miale. Alikuwa anasema titi, titi, titi, vile mimi nasema viazi. Wandera alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamuuliza daktari, mapema ni lini? Akasema hata mwaka uliopita. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Ilikuwa miezi kumi tangu niseme hakuna.

Nilikatwa Juni mwishoni, baridi imerudi. Sitaeleza theatre, sikuona kitu. Nitaeleza kuamka. Unaamka na kifua kizito upande mmoja kama umelaliwa na mtoto, unashusha mkono kumsogeza, unakuta bandeji na mpira unaotoa damu kwenye kachupa. Kachupa hako nilitembea nako siku tisa chini ya leso. Mkono haukuinuka. Brenda alinichana nywele, na sote wawili tulijua hazina siku nyingi.

Hiyo dawa, kemo, ilianza Agosti, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Dawa nyekundu ndiyo niliiogopa, inaingia kama juisi na kesho yake unakojoa rangi yake. Nywele zilitoka wiki ya pili, mito yote ikajaa. Kucha zikawa nyeusi. Mdomo ukatoka vidonda, nikawa nakunywa uji kwa mrija. Kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu.

Kwenye viti vya kemo nilikuwa nakaa karibu na mama mmoja wa Kitui anaitwa Mutheu. Mumewe anachonga vinyago. Yeye alinitangulia kwa raundi mbili, kwa hivyo alikuwa mwalimu wangu. Aliniambia nije na blanketi langu kwa sababu hiyo dawa inaingia na baridi, na niweke ukwaju mdomoni kabla ya kichefuchefu, si baada. Aliniambia nisiangalie chupa, niangalie watu. Tulikuwa tunawacheka wote. Kulikuwa na nesi mmoja aliyekuwa anatembea kama anaogopa kukanyaga mayai, tukamwita Mayai. Raundi ya nne, jakaranda zikiwa zimemwaga maua yote njiani, nilikuta kiti chake kina mtu mwingine. Nikamuuliza Mayai. Alinirekebishia blanketi tu, akapita. Siku hiyo niliangalia chupa.

Nyumbani mambo yalikuwa hivi. Mama Sheila alitangaza kwamba ni mafuta ya karai yamenila. Wateja wangu wa miaka na miaka walipita mbali, kana kwamba watashika kansa kwa kunisalimia. Dada yangu alipiga simu kutoka Uganda akasema niliacha chakula cha nyumbani nikafuata cha mji, ndio haya. Mchungaji aligusia mambo ya moyo usiosamehe. Kila mtu alikuwa na sababu yake mkononi. Mimi nilikaa na hiyo ya mafuta, ikanila kuliko kemo. Nilihesabu kila kiazi nilichowahi kula. Mwishowe nikamuuliza yule daktari, tafadhali niambie, ni karai yangu?

Akasema chakula kizuri ni kizuri, na kupunguza mafuta ni vizuri, na watu kama kina Faith wanauliza maswali yao kwa sababu nzuri. "Lakini hakuna mtu anaweza kukuangalia wewe Nabwire akasema ni kiazi hiki," akasema. "Usimalize nguvu zako kutafuta kiazi."

Niliacha kutafuta kiazi. Nikarudi kwenye kile ambacho kinajulikana, yaani ile miezi kumi, na nani alikaa wapi.

Ajabu ni kwamba chakula pekee kilichokubali kupita kooni kilikuwa kile nilichodanganya nacho. Oktoba nilikuwa naota ugali wa wimbi. Mwili wote unautaka, mwanamke ambaye hajaupika miaka mitano. Sijui nani alimwambia Mzee Ouma, ambaye alikuwa ameshatolewa mtoto wa jicho moja akarudi nyumbani. Alituma mfuko wa wimbi na mwingine wa simsim kwa basi. Hakutuma neno. Baba mkwe atatuma neno gani kwa jambo kama hili? Nilikula mpaka nikalia.

Miale ilikuwa Januari na Februari, jua kali, kila siku isipokuwa wikendi. Ngozi iliungua ikawa nyeusi, ikachunika kama kiazi kilichochemshwa. Siwezi kuvaa sidiria, siwezi kulala upande. Wandera alikuwa analala kwenye kochi tangu Juni, ati asinigonge. Alikuwa analeta maji, alikuwa anapika, siwezi kumnyima hayo, lakini pale nilipokatwa hakuwa ametazama hata siku moja. Nikibadilisha nguo anakumbuka kitu dukani.

Jumapili moja mwezi wa Machi niliamka nikamkuta mezani na sindano na uzi. Karani wa stoo, anashona. Alikuwa amekata shati lake la zamani la kazi, akatengeneza kifuko, akakijaza wimbi wa baba yake. Sidiria yangu ilikuwa mbele yake, nje kabisa, kwenye meza ya kulia chakula. Aliweka kifuko kwenye kiganja, akapima kwa mkono vile walikuwa wanapima misumari kule stoo, akapunguza kidogo, akapima tena. Akaniambia nije nijaribu. Akanifungia mwenyewe vishikizo nyuma, na kwa kufanya hivyo akaona.

"Wamekushona vizuri," akasema.

Sijamsamehe Wandera. Kifuko nakivaa kila siku, hata sasa ninapoandika. Yote mawili ni kweli na sioni sababu ya kuchagua.

Nimeambiwa nirudi kliniki kila miezi mitatu. Mpaka sasa wamesema niko safi, na neno hilo nalishika kwa vidole viwili. Kama unasoma haya na una kitu ambacho hujakisema, mimi sina dawa ya kukupa na sijui chakula cha kukushauri. Naweza kukuambia tu kwamba kuna mtu ameketi kwenye chumba chako ambaye mbele yake huwezi kusema. Mjue ni nani. Halafu tafuta mlango mwingine, hata kama ni kumfuata mtu barabarani umeshika leso.

Julai hii Faith alirudi. Alisema wanarudia maswali kwa wale wale, waone nini kimebadilika, na safari hii wanauliza pia mabinti waliozaliwa hapa na akina mama hao. Brenda alikuja kutoka Tena. Mama Sheila alimleta mgeni, kama kawaida, hajaacha kazi. Na Mzee Ouma alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, amekuja kwa jicho la pili. Ungesema hakuna mtu alikuwa amesogea miaka miwili, isipokuwa mimi na nywele zangu fupi zilizoota nyeupe.

Faith alifungua karatasi. Nikamwambia ngoja.

Nikamwambia ile karatasi ya kwanza ni ya uongo. Nikataja mafuta ya karai, soda, vipande vya nyama vya Burma. Nikamwambia wimbi na muhogo nilisema ili nisifiwe. Wandera alianza kusema kitu nikamwinulia mkono, ule wa kushoto, unaoinuka nusu. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka kwenye kifuko.

"Na uliponiuliza juu ya titi, kitu kilikuwepo," nikasema. "Sikusema kwa sababu Baba alikuwa ameketi hapo."

Nilikuwa nimesema lile neno mbele yake. Redio iliendelea kutangaza bei ya mahindi. Mzee Ouma alinyoosha mkono akaizima, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akanigeuzia uso mzima. Sijui kwa lile jicho moja aliona nini.

"Mwanangu, ungeniambia nitoke, ningetoka."

"Ningekuambiaje, Baba?"

Alifikiri. Alitafuta jibu kwa bidii, niliona, alizungusha kichwa cha fimbo mkononi, na hakulipata, kwa sababu halipo. Mkaza mwana hamwambii baba mkwe atoke, na akimwambia kwa nini, ameshasema kile asichoweza kusema. Sisi ndio tulijenga nyumba hiyo, hatukuweka dirisha. Kisha akageuka kwa mtoto wake.

"Wandera. Wewe ulikuwa na mikono. Ungenishika ukanitoa."

Mzee akainuka, akamnyooshea mkono, na Wandera akamshika akamtoa nje juani. Faith akaniuliza maswali yote upya, na nikajibu yote, mafuta ya kurudiwa nayo. Alipofika lile swali aliinua macho kutoka kwenye karatasi kabla ya kuuliza. Na yeye alijua siku ile, nafikiri. Naye nimemweka kwenye orodha, chini kabisa, kwa zile sekunde mbili.

Halafu zamu ya Brenda. Chakula, alijibu haraka haraka, na mzaha, chapo dondo na smokie, yaani chapati kwa maharagwe na soseji, msichana wa mjini. Wandera alikuwa amerudi, ameegemea mlango. Mama Sheila alikuwa amejaza sofa. Faith akashusha sauti, akauliza lile swali.

Brenda hakujibu.

Alitazama baba yake mlangoni. Akatazama Mama Sheila. Akashusha macho kwenye vidole vyake, akaanza kuvuta uzi kwenye mkono wa sweta. Huo ukimya naujua. Nimeuzaa mimi.

"Baba Brenda, rudi nje," nikasema. "Mama Sheila, na wewe."

Mama Sheila akasema yeye ni wa afya. Nikamwambia hata kama. Akainuka akijivuta na kunung'unika. Wandera akatoka. Nikamgeukia binti yangu nimwambie sasa sema, usiogope, na nikaona bado ananitazama. Alikuwa ananitazama mimi, kifua changu, upande wa wimbi.

Hapo ndipo nilipofika kwangu kwenye orodha.

Nikachukua leso, nikatoka, nikauvuta mlango mpaka nikasikia umeshika. Mzee Ouma, Wandera, Mama Sheila na mimi tukasimama tumeegemea ukuta wa ua, kwenye jua lisilo na joto. Nilikuwa nimeshika kile kifuko kwa nje ya nguo. Mlango ulikaa muda mrefu bila kufunguliwa.